Tumezungushwa Kisumu juani kutafuta daraja lililoko Italia, TUNATAKA HELA ZETU

Wanajukwaa, hili jambo limenikaa kooni tangu Ijumaa, acha niliteme.

Ofisini kwetu kila mtu alikatwa shilingi 3,500 kwenye mshahara. Tukaambiwa kuna tim bilding, msako wa hazina ndani ya mji wa kihistoria wa Kisumu, na kuna kampuni inakuja kutuongoza. Mimi mzaliwa wa Kaloleni hapa hapa Kisumu, babu yangu alifanya kazi reli. Nilifurahi kuliko wote.

Karatasi ya maswali ikagawiwa saa nne asubuhi. Swali la kwanza: Kisumu iliitwa Port Florence kwa heshima ya mji gani wa Italia?

Hakuna mji hapo! Ni jina la mwanamke, Florence Preston, mke wa Ronald Preston aliyekuwa akisimamia utandikaji wa reli. Reli ilipofika ziwani tarehe 20 Desemba 1901, huyo mama ndiye aliyegongelea msumari wa mwisho. Nikamwambia yule kijana wa kampuni mwenye filimbi. Akaniambia niandike Florence ya Italia, nisicheleweshe timu.

Swali la sita ndilo lililotumaliza. Simama kwenye daraja lenye maduka ya masonara, useme ni wafanyabiashara gani walioondolewa hapo. Daraja la masonara, Kisumu! Tukaenda Jubilee sokoni, tukauliza. Tukaenda soko la Kibuye. Watu wa bodaboda wakatupeleka mpaka daraja la mto Auji, mia mia kila kichwa, tukakuta akina mama wanauza nyanya na omena. Ilikuwa saa saba mchana, jua la Kisumu mnalijua. Mwenzetu mmoja ana mimba ya miezi sita, alikaa chini kwenye jiwe akashindwa kuinuka, na maji ya kampuni yalikuwa yamekwisha tangu saa tano.

Usiku nikaingia intaneti. Hilo daraja ni Ponte Vecchio, liko Florence. Waliofukuzwa ni wauza nyama, mwaka 1593, kwa amri ya mtawala Ferdinando wa Kwanza, masonara wakapewa nafasi zao. Yaani hawa watu walichukua msako wa mji mwingine, wakabadilisha kichwa cha karatasi, wakatuuzia.

Na msako wenyewe kule Florence ni mzuri, ndiyo maana nina uchungu. Kwenye ukumbi mkubwa wa jumba la kale la Palazzo Vecchio kuna mchoro wa vita wa mchoraji Vasari, na juu kabisa kuna kibendera cha kijani kilichoandikwa Cerca trova, yaani tafuta, utapata. Maandishi ni madogo mno. Lazima mmoja ainue shingo, mwingine aelekeze kidole, wa tatu asome. Hapo watu wanafanya kazi pamoja kweli, na hakuna anayeweza kujibu bila kufika na kutazama.

Sisi hatuna vya kutazama? Makumbusho ya Kisumu yako wazi tangu 1980, na ndani kuna Ber-gi-dala, boma zima la Kijaluo. Tulifika pale, na pale ndipo niliona aibu. Swali: nyumba inayotazamana na lango ni ya nani? Tuna mama mmoja wa uhasibu, mtu wa Seme, nyumbani kwao si mbali na yale mawe makubwa ya Kit Mikayi. Akajibu bila kufikiri, "Hiyo ni ya mikayi, mke wa kwanza." Kijana akatazama karatasi yake. "Hapana mama, ni ya mume." Mama akamweleza taratibu kabisa, "Mwanangu, mzee anakaa duol, kale kajumba karibu na zizi la ng'ombe." Kijana akaweka alama ya X kwa kalamu nyekundu, akapuliza filimbi. Yule mama alikunja karatasi yake mara nne, akaiweka kwenye mkoba, na hakusema neno tena mpaka jioni. Mtu wa umri wa mama yake! Ndani ya dala, boma la Kijaluo!

Na mfanyakazi wa makumbusho alikuwa amesimama hatua kumi kutoka pale. Hakuna aliyemuuliza lolote.

Mshindi alipewa kikombe cha plastiki. Picha zikapigwa, meneja akashukuru.

Jumatatu nimepeleka barua, tumetia sahihi watu 14. Tunataka 3,500 zetu zirudi, na kijana aje amwombe yule mama msamaha ana kwa ana, si kwa simu. Na kama kutakuwa na msako mwingine, maswali yatungwe na watu wa makumbusho wa hapa hapa. Meneja amejibu kwamba hela imeshalipwa na kazi ilifanyika.

Kuna mtu wa Nakuru au Kakamega aliyewahi kupewa karatasi yenye hilo swali la masonara? Kama unayo, piga picha uiweke hapa. Yangu naiweka usiku huu nikitoka kazini.