Kujifungua kwa utulivu: nijiandae vipi?

Mjamzito wa Tanga
Shikamooni mama zangu. Nina mimba ya kwanza, ya wiki 33, na klinikini wanasema mimi na mtoto tunaendelea vizuri. Ningependa kujifungua kwa utulivu, bila kuongezewa uchungu kwa dripu pasipo sababu, lakini kila ninayezungumza naye ananisimulia mambo ya kutisha hadi usingizi unanipotea. Je, utulivu huandaliwa, au ni bahati ya mtu? Shangazi naye ananihimiza ninywe mitishamba ili uchungu uende haraka.

Mkunga Mstaafu
Marahaba mwanangu. Huandaliwa. Mikazo ya uchungu huendeshwa na homoni ya oksitosini, na mama akijawa na hofu mwili wake hutoa adrenalini, ambayo inaweza kuipunguza nguvu mikazo hiyo na kuyazidisha maumivu. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unataka kila mama awe na mtu aliyemchagua mwenyewe wa kukaa naye muda wote wa uchungu, ahimizwe kutembea na kunywa, na asiharakishwe kwa sababu tu mlango wa kizazi haufunguki sentimita 1 kila saa. Uchungu kamili huhesabiwa tangu sentimita 5, na kwa mimba ya kwanza kwa kawaida hauzidi saa 12 kuanzia hapo.

Mitishamba hiyo usiinywe, nakusihi. Hakuna ajuaye kipimo chake, na mikazo ikipita kiasi humnyima mtoto hewa na inaweza kuupasua mfuko wa uzazi.

Mama wa Watatu, Mombasa
Mdogo wangu, mimi nilisaidiwa zaidi na mama yangu, aliyenikanda kiuno kwa kitambaa cha maji ya moto huku nikivuta pumzi na kuitoa polepole. Uliza mapema kama wodi inaruhusu msindikizaji, kwa sababu palipo na vitanda vilivyobanana bila mapazia wengi hukataliwa mlangoni.

Mjamzito wa Tanga
Ahsanteni sana. Na kama daktari ataona dripu inahitajika?

Mkunga Mstaafu
Muulize sababu, kisha ukubali ikiwa uchungu umesimama na mtoto hajachoka. Ukitokwa na damu nyingi au maji ya kijani, kichwa kikikuuma sana, ukiona ukungu, au mtoto akipunguza kucheza, nenda hospitali saa hiyohiyo.