Miaka 2 Arabuni: malengo yatajwe au yafichwe?

Mwenye mada (Langoni)

Asalaam aleikum wana Lamu. Wiki mbili zilizopita nilimsindikiza binamu yangu mpaka jeti ya Mokowe. Anakwenda Saudia, kazi ya ndani, mkataba wa miaka 2. Tulipokuwa kwenye boti nikamuuliza, "Waenda kutafuta nini?" Akacheka, akasema, "Maisha." Nikamuuliza maisha ni shilingi ngapi. Hakunijibu, akageuza uso akaangalia mikoko.

Hoja yangu ni hii. Mtu asivuke maji ya Mokowe kabla hajaandika kitu kimoja anachokitaka, bei yake, na mwezi wa kurudi. Akishaandika, amsomee mama yake na yeyote atakayekuwa akipokea pesa. Asipotaja lake, watu watamtajia yao. Mwezi wa kwanza paa la bibi, wa pili karo ya mdogo wake, wa tatu kuna arusi. Na hakuna ombi hata moja hapo la kipuuzi, ndiyo maana hayakataliki. Miaka 2 ikiisha amewasitiri wote, yeye mwenyewe arudi na blanketi mbili na chupa za manukato za kugawa.

Mnaopinga, pingeni. Ila msiniletee "riziki ni ya Mungu" kisha mkanyamaza. Hilo sote twalijua, na bado twafunga milango usiku.

Bi wa Mkomani

Waleikum salaam mwanangu. Safari haitangazwi. Sisi tumelelewa hivyo: mtu hutoka alfajiri, jirani hujua akishafika. Jicho lipo, nawe usijifanye hulijui.

Haya, tuliweke jicho kando kwa kuwa nyinyi wa siku hizi hamlitaki. Ukisema waenda kutafuta laki 4 za kiwanja, kila mwenye shida mtaani ameshajua una laki 4. Hata hujaanza kazi, ushaanza kudaiwa. Wangu alikwenda Doha bila kumwambia mtu lengo lake, hata mimi. Nilikuja kujua siku niliyoletewa karatasi za kiwanja cha Wiyoni nitie sahihi ya ushahidi. Nilikasirika? Nilikasirika wiki nzima, sikupika. Lakini kiwanja kipo.

Kijana wa Shela

Bi, samahani. Kiwanja kipo kwa sababu alificha, au kwa sababu alikuwa na jambo moja kichwani? Wangapi walificha na hawana hata tanuru la kuoka mikate? Hapa Shela watu wameuza nyumba za babu zao kwa Wazungu na wala hawakumwambia mtu. Siri peke yake haijengi.

Bi wa Mkomani

Na mdomo je, wajenga?

Baharia mstaafu (Matondoni)

Nimesoma, nami nina langu. Zamani tulipokuwa tukipeleka boriti Arabuni kwa jahazi, hakuna aliyekaa na kalamu kuandika malengo. Upepo ulikuwa umeshatupangia. Watoka na kusi, ama mwanzo wake kabla bahari haijachafuka, ama Agosti na Septemba ikianza kutulia. Juni na Julai hakuna mwenye akili aliyetoka. Ukifika huko, wauza, wanunua, wangoja kaskazi. Ikivuma, nahodha hangoji mtu. Uwe umepata, uwe hukupata, warudi, na mkeo ajua mwezi wa kukutazamia.

Sasa hawa wa ndege hawana kaskazi. Mkataba ukiisha waongezewa, ukiisha waongezewa tena. Namjua mtu alikwenda kwa miaka 2, amemaliza 11. Si kwamba alikosa lengo. Kila akilifikia, hulisogeza mbele. Kwa hiyo mimi nasema la kuandikwa kwanza ni mwezi wa kurudi. Hilo la pesa litajipanga nyuma yake.

Wa Faza, niliyerudi kutoka Dammam, Saudia

Mzee shikamoo. Maneno yako matamu, lakini kaskazi ya huko i mkononi mwa kafili, yule mwajiri anayekudhamini. Mwaka 2021 Saudia ililegeza sheria, wafanyakazi wa makampuni wakaruhusiwa kutoka nchini bila ruhusa ya mwajiri. Watu wa majumbani, madereva wa nyumba na watunza bustani hawakuingizwa. Kwa hiyo binamu wa mwenye mada anaweza kuandika "Machi" kwa wino wa dhahabu, na bosi asipomtolea hati ya kutoka, Machi itampita jikoni. Asome mkataba, aache nakala kwa mtu wake, na pasipoti pia atoe nakala kabla ya kupanda ndege. Hilo kwangu latangulia malengo yote.

La pili ni hesabu, na hapa mwenye mada umenichekesha. Wataka bei kwa shilingi? Riyali imefungwa kwenye dola tangu 1986, dola moja riyali 3.75. Inayopanda na kushuka ni shilingi yetu. Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160. Mtu wa riyali 1,000 kwa mwezi alikuwa akihesabu kama 42,600. Mwaka haujaisha, dola ikashuka mpaka karibu 130, riyali zile zile zikawa kama 34,600. Shilingi 8,000 kila mwezi zimeyeyuka na mshahara haujaguswa. Nyumbani wakaniuliza mbona natuma kidogo, nimeoa huko? Ningeanza kwa kuandika "nitaweka riyali 400 kila mwezi, sizigusi", nisingegombana na mtu.

Kijana wa Shela

Kwa hiyo umeoa au hukuoa?

Wa Faza, niliyerudi kutoka Dammam, Saudia

Kaa na Wazungu wako.

Mwenye mada (Langoni)

Nimekubali mawili. Kiwango kiandikwe kwa riyali, kwa mwezi. Na nakala za karatasi zibaki nyumbani, nilipaswa kulisema mwanzo. La mwezi wa kurudi sitaliacha, Wa Faza. Hata kama kafili atauvuka, mtu aliyeuandika atajua ni lini alianza kukaa kwa nguvu na si kwa hiari. Asiyeuandika haijui siku hiyo.

Kuhusu siri, Bi, nilikuwa tayari kukubishia mpaka jana. Nilimpigia binamu kumpelekea haya yenu, nikamwambia bado hajachelewa, aandike. Akanyamaza kidogo, kisha akacheka kile kicheko cha kwenye boti. Kumbe analo tangu kabla ya pasipoti kutoka. Kitu kimoja, bei, na mwezi. Amemwambia mtu mmoja tu, dada yake, ndiye anayeweka.

Nikamuuliza mbona pale Mokowe hukunijibu? Akasema, "Kwa sababu nilijua utakwenda kukiandika mahali."

Kwa hiyo ni kitu gani, hapa siwaambii.

Bi wa Mkomani

Mtoto ana akili huyo. Ni wa nani?