Pinotage ao Cabernet Sauvignon: gani ya kutia ku meza ya mahari?

Mama_Katuba
Jambo bandeko. Mwisho wa mwezi tuko na mahari ya mudogo yangu, na mimi njo banapatia kazi ya vinywaji. Bia haina shida, Simba na Tembo ziko, ila upande wa bakwe banasema bo ni divai nyekundu tu. Basi nikaenda ku depo moja pale sentre, nikakuta zile zinatokaka Afrika ya Kusini, nikabeba mbili za kujaribia, moja Pinotage, ingine Cabernet Sauvignon, bei karibu moja. Tukazifungua na yaya yangu siku ya mungu na michopo. Ile Cabernet ilinikausha ulimi mpaka ku fizi, na kulikuwa harufu ya majani mabichi hivi. Pinotage yenyewe laini, inanuka kahawa na moshi, yaya anasema hii haina zabibu hii, kuko kitu banatia ndani. Tena mumoja ku kazi ananiambia ile yenye kukausha kinywa njo ya muzuri, laini ni ya banamuke. Ni kweli? Na ile kahawa inatoka wapi? Munisaidie mbele nitoshe feza.

Vieux_wa_Depo
Mama jambo. Mi nauzisha divai tangu zamani kidogo, acha nikuelezee pole pole. Harufu ni jambo moja, ile kazi divai inafanya ndani ya kinywa ni jambo lingine, usizichanganye. Kile kinakausha kinaitwa tanini, kinatoka ku ngozi ya zabibu na ku mbegu. Ni kile kile unasikia ukisahau majani ya chai mu birika mpaka inakuwa kali, tanini inashika mate na ulimi unabakia mukavu. Sasa Cabernet Sauvignon matunda yake ni madogo, ngozi nene, mbegu mingi kwa maji kidogo, njo maana inakukamata hivyo. Tena inachelewa kuiva, wakiivuna mbele ya wakati inabaki na ile harufu ya majani, ao ya pilipili kubwa ya kijani ile haiunguzi. Ikiiva sawasawa unapata matunda meusi, saa ingine minti kidogo, na asidi inabakia juu, unasikia mate yanajaa pembeni ya ulimi. Tanini na asidi njo zinaifanya ikae mu chupa myaka kumi na zaidi, lakini ni ile ya muzuri, hii ya bei ya chini weye kunywa tu usiiweke.

Pinotage ni zabibu iliyozaliwa kule kule Afrika ya Kusini. Mwaka 1925 profesa Abraham Perold wa chuo kikuu cha Stellenbosch alizalisha pamoja zabibu mbili, Pinot Noir na Cinsaut, akapata mbegu nne akazipanda mu bustani ya nyumba yake, kisha akahama kazi na bustani ikajaa majani. Batu ba kusafisha balishafika pale, Charlie Niehaus, mwalimu kijana mwenye alijua kuko miti gani, akaiokoa. Chupa ya kwanza yenye jina Pinotage ni ya chapa Lanzerac, ya mavuno ya 1959, iliingia sokoni 1961. Zabibu hii inaiva mapema, inakusanya sukari mingi, kwa hiyo pombe inafika 14% bila shida. Tanini iko, ila mu chupa za bei ya chini wanaifanya laini, asidi ya katikati. Kwa mahari mi ningebeba Pinotage na kulala usingizi.

Kipushi_Cape
Vieux amesema vizuri lakini ile kahawa ameiruka. Yaya yako hakukosa sana. Kahawa haitoki ku zabibu, inatoka ku mbao za mualoni zenye zimechomwa moto sana, ao pipa ao vipande vya mbao wanatia ndani ya tangi. Ule mtindo ulianzia ku shamba la divai la Diemersfontein, kule Afrika ya Kusini, na Pinotage yao ya 2001, batu bakaupenda, wengine wakafuata. Kwa hiyo mama haukulinganisha zabibu na zabibu, ulilinganisha zabibu na mbao. Pinotage bila ule moto inanuka matunda mekundu na meusi, saa ingine ndizi hivi, na ikitengenezwa vibaya inanuka rangi ya kupaka nyumba, hiyo njo ilichafua jina lake myaka mingi. Nilikaa Cape, nikakunywa za miti ya zamani isiyomwagiliwa maji, zile zinakamata kinywa kuliko Cabernet mingi za supamaketi. Siku ingine uliza ile haina ladha ya kahawa, kisha linganisha.

Na yale majani ya Cabernet ni ya ukoo. Mwaka 1997 wachunguzi wa chuo kikuu cha Davis, California, walipima DNA wakakuta wazazi wake ni Cabernet Franc na Sauvignon Blanc, na wote wawili wako na harufu hiyo.

Bijou_Kamalondo
Ile ya "laini ni ya banamuke" ni maneno ya nganda. Mi ni mwanamuke na napenda Cabernet, lakini na nyama ya ngombe yenye mafuta, juu mafuta na chumvi vinaituliza tanini. Uikunywe kavu kavu mbele ya chakula, wakati bakwe wangali wanahesabu mbuzi, kila mutu atakunja uso. Angalia tu banakula nini mama. Kama ni samaki ya chumvi na sombe, Cabernet hapana, mu kinywa inakuwa sawa chuma.

Michopo_Direct
Batu yote hapa banaongea zabibu, hakuna mwenye kuuliza chupa ilikuwa na joto gani 😂 Divai nyekundu ni 16 mpaka 18°C. Hapa Lubumbashi mwezi wa kumi, chupa ikikaa ku meza inapita 28, pale pombe njo inapanda ku pua, hata Pinotage ya muzuri itakuunguza. Tia mu frigo nusu saa, hakuna mutu atakucheka. Na pilipili ikae pembeni, juu pilipili na pombe ya 14,5% vinachoma pamoja.

Mama_Katuba
Aksanti bandeko, kumbe! Kweli zilikuwa ku jua mu motokari mbele tufungue, zote mbili. Chakula ni mbuzi, ngombe na bukari, samaki haiko. Sasa niko nafikiria Pinotage kwa batu yote na Cabernet kidogo ku meza ya bazee. Ila ku depo niliona chupa imeandikwa Pinotage na ingine imeandikwa Pinotage na Merlot pamoja, inabadilisha nini?

Vieux_wa_Depo
Kama kuko jina moja tu, sheria ya Afrika ya Kusini inadai 85% iwe ya zabibu hiyo, ile inabaki inaweza kuwa ingine. Majina mawili ni muchanganyiko wa wazi, haina mubaya, Merlot ni zabibu ingine nyekundu, inalainisha. Kwa ile Cabernet ya bazee, usitoshe tu kizibo uache chupa imesimama, shingo ni ndogo hewa haiingii, mwaga mu jagi saa moja mbele. Na beba mbili tu kwanza, urudie na nyama, zikiwa baridi kidogo. Ukiona bazee banamaliza Pinotage na kuacha jagi, utakuja kuniambia.

Bijou_Kamalondo
Bazee batamaliza zote mama, na bataomba Simba juu yake. Ongeza katoni.