Naomba ushauri: vitone vya kukuzia bakteria vinaungana

Wakuu, salaam. Nina matope ya mikoko ya Kunduchi. Kwenye sahani za aga (jeli ya kukuzia bakteria) wanaota walewale wenye pupa, wanafunika wenzao. Nataka kila bakteria akae peke yake kwenye kitone cha maji ndani ya mafuta, chakula kiwe kidogo, anayekua polepole naye apate nafasi. Tatizo, vitone vinaungana kabla hao wavivu hawajagawanyika.

Mafuta yenye florini hupitisha oksijeni vizuri, ila kuyaagiza mpaka yafike Dar, bei inatisha! Kuna aliyetumia mafuta ya madini na Span 80 (kemikali ya kuzuia vitone visiungane)? Nahofia molekuli kuvujia kitone cha jirani. Na mnavivunjaje vitone bila kuwaua waliomo?