Nyeusi inanimezea uso wa bibi, nifanyeje?

Kibao
Wakuu, shikamooni. Huu mwezi wa pili nahangaika na picha moja. Namchora bibi mzaa mama, mweusi tii, na sitaki kumpaka kahawia kama nilivyofundishwa. Mwalimu wangu alishikilia kwamba mtu mweusi hapakwi nyeusi, nami nikamwamini miaka sita. Sasa nikipaka nyeusi ya kopo, pua inapotea, shavu linapotea, yanabaki macho na kanga. Ukisimama mbali ni shimo limevaa kanga. Mchoraji Kerry James Marshall wa Chicago anafanyaje? Watu wake ni weusi kama chungu cha kuni, na bado kidevu unakiona.

Mzee Tapentaini
Marahaba. Ugonjwa uko kwenye hilo kopo. Marshall ana nyeusi tatu: ya mifupa iliyochomwa, ya masizi, na ya oksidi ya chuma. Anazitia buluu ya kobalti, kijani au zambarau. Unapanga nyeusi baridi kando ya nyeusi yenye joto, pua inatokeza yenyewe. Ila usidhani alianzia hapo. Picha yake ya 1980, mtu wa kofia mwenye pengo, haifiki ukubwa wa karatasi ya A4, nayo ni bapa kwa makusudi: macho, meno, shati, basi. Shimo lako mwenzio alilitaka.

Mshumaa
Mtafute Anish Kapoor, yule mchongaji wa Uingereza! 2016 alipata haki ya peke yake kisanaa ya kutumia Vantablack, nyeusi ya maabara inayomeza zaidi ya asilimia 99.9 ya mwanga. Kuna mtu alitumbukia kwenye kazi yake ya sanaa, shimo la sakafuni, huko Ureno.

Mama Wino
Mshumaa, usimpoteze kijana. Mtu alitumbukia kweli, Porto, 2018, lakini kazi yenyewe ni ya 1992, Vantablack haijazaliwa. Halafu huyu analia nyeusi imemmezea bibi, wewe unamletea inayomeza zaidi?

Kibao mwanangu, mwangalie Pierre Soulages, mchoraji Mfaransa. 1979 turubai lilimzamia kwenye nyeusi, akachoka, akaenda kulala. Kurudi, anaona mwanga unatembea juu ya michirizi ya rangi. Hakuiacha nyeusi hiyo mpaka anafariki 2022, ana miaka 102. Rangi nzito, huku imelainishwa, huku imepigwa mifereji kama tuta la muhogo. Ukihama hatua mbili, picha ni nyingine. Kwa hiyo paji la uso lipake kwa brashi ngumu, ukifuata mfupa. Shavu liache laini. Nyeupe usitie hata tone.

Kibao
Mama Wino, shikamoo na ahsante. Nimejaribu kwenye kadibodi. Nimekwangua masizi ya chemni ya bibi mwenyewe, nikayasaga na mafuta ya kitani, nikapaka kando ya nyeusi ya chuma. Usiku, chini ya taa, zote zilikuwa zilezile. Nikasema hapa nimechezewa. Asubuhi nikafungua dirisha la kushoto. Ya masizi imeelekea buluu, ya chuma imekuwa kama kahawa iliyolala, na paji la uso hilo, limejaa! Nikasogea kidogo, likazima.

Sasa balaa jipya. Picha ni ya sebuleni kwa mjomba, na mle kuna taa moja tu ya tyubu, katikati ya dari. Nimwambie atoboe dirisha?