Je, GPS ya mkononi inatosha kwa mashua zinazovua kilindi cha Pemba?

KatibuWaWavuvi

Assalaam alaykum, ndugu wavuvi na manahodha. Kikundi chetu kiko upande wa Shimoni, kusini mwa pwani ya Kenya. Mashua zetu nyingi ni za mashine, hutoka alasiri kwenda kuvua kwa mshipi ukingoni mwa kilindi baina yetu na Pemba, na hurejea alfajiri. Wazee wetu huitambua miamba kwa kulinganisha alama za nchi kavu, lakini usiku, au mvua inapofunga wakati wa kusi, alama hizo hazionekani. Sasa tuna fedha kidogo katika mfuko wa kikundi na wanachama wamegawanyika: baadhi wanataka kila mashua inunuliwe GPS yake ya mkononi, na wengine wanasema simu ambazo manahodha wanazo tayari zinatosha. Ningependa kusikia kutoka kwa wanaovitumia vifaa hivi baharini, na zaidi ya hapo nijue kama kifaa hicho peke yake kinaweza kuhesabiwa kuwa kinga ya usalama.

MwanaWaMatlai

Wa alaykumu salaam, ndugu Katibu. Wanaosema simu inatosha hawajakosea kabisa, kwa sababu simu hupokea ishara za setilaiti moja kwa moja na haihitaji mtandao ili kujua ilipo, mradi ramani iwe imepakuliwa kabla ya kutoka. Shida iko kwenye kioo: kikirushiwa maji ya chumvi hakisikii kidole, au hujibonyeza chenyewe, na chaji ikiisha huko nje basi imekwisha. GPS ya mkononi ina vitufe vinavyobonyezeka hata mkono ukiwa na utelezi wa chambo, na aina nyingi hutumia betri mbili za AA ambazo nahodha anaweza kuzibadilisha gizani. Nunueni betri za alkali, si zile za bei ya chini za redio. Kifungeni kwa kamba pia, kwani si vyote vinavyoelea. Kwa mfano, katika vifaa vya kampuni ya Garmin, GPSMAP 79 huelea, eTrex huzama.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni namna watu wanavyokitumia wakati wa kurudi. Nahodha akichagua alama ya bandarini aliyoihifadhi kwenye kifaa na kuamuru kifaa kimwongoze, kinamchorea mstari ulionyooka kutoka alipo hadi huko, na mstari huo hauna habari kwamba kati yake kuna Mpunguti, Kisite au kisiwa chenyewe cha Wasini. Hata kurudi kwa kufuata njia mliyoendea si salama wakati wote: wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa upande wetu hupita mita 3, kwa hiyo palipopitika jioni maji yakiwa yamejaa panaweza kuwa mwamba mtupu mnaporejea. Wekeni alama katika kila mlango wa kupitia baina ya miamba, mchana, maji yakiwa yamepwa, kisha mrejee kwa kupita alama moja baada ya nyingine.

Msiitupe dira ya kawaida. Vifaa vingi vya bei nafuu havina dira ya sumaku ndani yake, hivyo mshale wake hueleza chombo kinakokwenda, si omo, yaani mbele ya chombo, inakoelekea. Mkizima mashine na omo ikabaki imetazama kusini, mshale utaonyesha kaskazini, kwa kuwa ndiko mkondo unakowapeleka.

BahariaMstaafu

Nakubaliana na ndugu yangu hapo juu, nami niongeze kuhusu usalama. Vifaa vingi vina amri ya kuweka alama ya mtu aliyeanguka majini, nayo ni amri nzuri, ila watu huielewa vibaya. Alama hubaki palepale ilipowekwa, lakini mtu habaki. Mkondo ukienda maili 3 za bahari kwa saa, jambo la kawaida huko wakati wa kusi, baada ya dakika 10 aliyeanguka yuko nusu maili, yaani zaidi ya mita 900, kutoka kwenye alama. Kwa hiyo anzieni kwenye alama kisha mshuke na mkondo kuelekea kaskazini. Msizunguke mahali pamoja mkidhani kifaa kimewaonyesha alipo.

Ama swali lako la kinga, jibu langu ni hapana. GPS hupokea tu, haitumi chochote, na mashua iliyoharibikiwa mashine inaweza kujua kwa usahihi wa mita chache mahali inapopotelea bila mtu mwingine yeyote kujua. Ningekuwa mimi, ningenunua GPS chache zaidi, mashua zinazotoka pamoja zishirikiane, na fedha zinazobaki ziende kwenye redio ya VHF ya mkononi, ile ya kuzungumzia baharini, na jaketi za kuelea. Mwenzenu anayebaki pwani asikilize chaneli 16, ile ya kuitia msaada, awe na orodha ya waliotoka na saa wanayotarajiwa, ili saa hiyo ikipita apige simu kwenye kituo cha kuratibu uokoaji baharini kilichoko Mombasa.

KatibuWaWavuvi

Ahsanteni sana. Jambo jingine: tuliandikiwa alama za miamba na wenzetu wa kijiji jirani, lakini tukifika hapo hakuna mwamba, ni kilindi kitupu. Je, wametudanganya?

MwanaWaMatlai

Pengine hawakuwadanganya, ingawa mvuvi kuficha mwamba wake si ajabu. Tazameni kwanza namna nambari zilivyoandikwa. Nyuzi 4 na dakika 45.30 si sawa na nyuzi 4, dakika 45 na sekunde 30. Tofauti yake ni takribani mita 370, na mwamba mdogo haupatikani kwa makosa ya kiasi hicho. Waulizeni kifaa chao kimepangwa kuonyesha mfumo upi, kisha chenu kipangwe vivyo hivyo. Ikiwa nambari zilitolewa kwenye ramani ya karatasi ya zamani, iliyochorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupimia mahali, badala ya WGS 84, mfumo ambao GPS huutumia, mtapata hitilafu nyingine ya takribani mita 300, na hiyo hurekebishwa katika mipangilio ya kifaa hichohicho.