Mrejesho: pikapu iliyokuwa inarusha

Asanteni sana wakuu. Niliuliza kama pikapu yangu, inayorusha mno ikiwa tupu, inahitaji kweli matairi iliyokuwa nayo ya plai 10, yaani yale magumu ya mizigo mizito. Kwanza nilijaribu kupunguza upepo kama mlivyoshauri. Ulaini ulikuja kidogo tu, usukani ukawa mzito. Basi nimefunga matairi ya kawaida yenye namba ya uzito 116, yaani kila moja linabeba hadi kilo 1,250, baada ya kuhakikisha haiko chini ya ile ya kibandiko cha mlango wa dereva. Upepo najaza PSI 35, kama kibandiko kinavyosema. Tofauti ni kubwa mno! Mashimo madogo siyasikii tena. Kwenye kona inalala kidogo, nami nimekubali, kwa kuwa sivuti trela wala sibebi mzigo mzito.